Kutoka Kasongo Kumtafuta Mpiga Picha

Nilianzia Kasongo, kwenye njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupitia Kabambare. Ndiyo iliyokifikisha Kiswahili Maniema, mashariki ya Kongo. Nilimtafuta mpiga picha Mwafrika wa zama za mfanyabiashara Tippu Tip: mhamiaji, mjuzi wa lugha, mwenye kamera yake. Je, alikuwapo?

Aprili 1893 daktari wa jeshi Sidney Hinde aliingia Kasongo pamoja na majeshi ya Dola Huru la Kongo. Kitabu chake cha 1897 kinataja magodoro ya hariri, vitanda vya kuchongwa na bustani ya michungwa. Ushahidi mzuri, ila ni wa upande ulioshinda vita kati ya dola hilo na wafanyabiashara Waarabu, na nilitaka picha, si maelezo. Mwafrika gani aliipiga picha Kongo miaka ile?

Mashariki sikupata kitu. Nikageukia jarida la Brussels, Le Congo illustré, lililochapa habari za vita vya Maniema. Humo zimo pia picha za mtu aitwaye Shanu. Si jina la Kibelgiji wala la Kiarabu. Limetoka wapi?

Herzekiah Andrew Shanu, Myoruba, alizaliwa karibu na Lagos mwaka 1858. Alikuwa mwalimu kabla ya kuhamia Boma mwaka 1884, kilomita zipatazo 1,500 magharibi ya Kasongo. Serikali ya Dola Huru ilimwajiri kama karani na mkalimani. Mwaka ule ule Kasongo ilipoanguka, aliacha kazi akafungua biashara zake. Mwaka 1894 alizuru Ubelgiji, na magazeti ya huko yakakisifu Kifaransa chake. Basi alikuwa mtu wa serikali tu?

Wako wanaomsimulia hivyo, na kweli serikali ilimshukuru kwa msaada wake askari walipoasi Boma mwaka 1900. Wengine humwita mpiganiaji haki. Nao wana hoja: baadaye alimpa konsuli wa Uingereza habari za mateso ya vibarua wa Afrika Magharibi, kisha akapeleka nyaraka za mahakama kwa wanaharakati ng'ambo. Kwa nini tumgawe nusu kwa nusu?

Mimi namwona mtu mmoja. Kamera ilimpa jina. Kiingereza na Kifaransa vilimwezesha kuzielewa nyaraka hizo na kujua nani azisome. Siri ilipofichuka, wateja wakakatazwa kununua kwake. Alijiua Boma Julai 1905. Anayefundisha historia ya upigaji picha Kongo amtaje Shanu miongoni mwa wa kwanza, na asiuache mwaka huo.