Kibali cha Msaada na Askari wa Kizuizini

Minago ni kituo cha wavuvi katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, njiani kati ya Bujumbura na Rumonge. Upande mmoja ni maji, upande wa pili ni milima, na barabara kuu ni moja tu. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, aliyeifunga barabara hiyo aliwafungia raia unga na dawa.

Njia ya ziwani nayo ilifungwa. Baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka tarehe 25 Julai, 1996, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Shabaha ilikuwa kuirudisha nchi kwenye katiba na mazungumzo. Lakini mashirika ya misaada yalilazimika kuomba kibali ili shehena za raia zipite. Mwezi Aprili, 1997, viongozi hao walikubali kuruhusu chakula, dawa, vifaa vya shule na pembejeo za kilimo. Vikwazo vingine vilibaki hadi Januari, 1999.

Hata hivyo, kibali cha mkutanoni si ulinzi wa njiani. Tarehe 4 Juni, 1996, wajumbe watatu wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliviziwa na kuuawa mkoani Cibitoke, ingawa magari yao yalikuwa na alama. Kamati hiyo ikaondoka Burundi, nayo haikurejea hadi mwaka 1999. Mwezi Oktoba mwaka huo, wafanyakazi wawili wa Umoja wa Mataifa waliuawa Muzye, mkoani Rutana, walipokwenda kukagua kambi ya raia waliokimbia makwao. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa wakisubiri msaada.

Wako wanaodhani kwamba kuruhusu dawa zifike upande wa waasi ni kuwatambua waasi. Sivyo. Kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva ya 1949 hulipa shirika lisilopendelea haki ya kutoa huduma kwa pande zote, na hutamka kwamba jambo hilo halibadilishi hadhi ya kisheria ya upande wowote.

Askari anayo haki ya kukagua shehena. Kuipora, au kuizuia ili raia wafe njaa, si ulinzi wa taifa. Wakubwa hutia saini mezani; anayeitimiza saini hiyo ni askari aliyesimama kizuizini.