UZI: Leseni ya fundi wa friji. Tunabishana kuhusu nini hasa?

1. Kila msimu wa kampeni wimbo ni ule ule. Mmoja anasema mafundi wote wawe na leseni, wananchi wamechoka na kazi mbovu. Mwingine anasema leseni ni njia ya kumnyanyasa mtu wa jua kali. Wote wawili wanapigiwa makofi. Leo namchukua fundi wa friji na AC kama mfano, kwa sababu historia yake inaonyesha tunachanganya mambo mawili.

2. Tuanzie Kabete, 1924. Serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha kuwafunza Waafrika kazi za mikono kama useremala na uashi. Ilihitaji mafundi, lakini mafundi wa bei nafuu.

3. Mwaka 1959 ikapitishwa Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, Sura ya 237. Sheria hiyo bado ipo, imerekebishwa mara kadhaa, na leo NITA ndiyo inayosimamia mitihani ya gredi. Unaanza Gredi 3, unapanda 2, unamaliza 1.

4. Hapa wengi hawajui: amri ya mshahara wa chini Kenya inamtaja fundi asiye na gredi, wa Gredi 3, wa 2 na wa 1, kila mmoja na kiwango chake. Yaani cheti kinapima pia mshahara. Mtu amefanya kazi miaka 20 bila karatasi, halafu kijana aliyefaulu juzi anawekewa kiwango cha juu kuliko yeye. Ukisikia fundi akikasirika neno "cheti" likitajwa, hasira inatoka hapo.

5. Mwaka 1972 ILO ilitoa ripoti maarufu kuhusu ajira Kenya, ile iliyolipa jina la sekta isiyo rasmi umaarufu duniani. Ilisema wazi: acheni kuwahangaisha hawa watu, na mfumo wa leseni za biashara uangaliwe upya. Kwa hivyo anayesema leseni zimewahi kutumika kufinya watu hajatunga hadithi.

6. Sasa upande wa pili. Friji za zamani zilitumia gesi ya R-12. Haiwaki. Fundi akitaka kufungua mfumo, anakata mrija, gesi inatoka psss, anaendelea na kazi. Pale kibandani hakuna aliyeumia. Iliyoumia ni ozoni, na ozoni haina mtu wa kuilalamikia fundi.

7. Ndiyo maana dunia ikakubaliana Montreal mwaka 1987. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuacha R-12 na jamaa zake. Iliyofuata, R-22 ya AC nyingi, inatakiwa iwe imeondolewa karibu yote ifikapo 2030. Kilo moja ya R-22 ikitoroka inapasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,800 za kaboni dioksidi.

8. Kenya ilitoa kanuni za kudhibiti kemikali hizi mwaka 2007, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Anayeingiza gesi hizo nchini lazima apate leseni ya NEMA. Sawa, lakini gesi hutorokea mwisho wa safari, kwa mkono wa fundi, na si pale bandarini.

9. Halafu mambo yakageuka tena. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R-600a. Haiharibu ozoni, joto lake ni dogo sana, ila ni ndugu ya gesi ya kupikia. INAWAKA. Fundi mwenye mazoea ya R-12, anayekata mrija ovyo kisha anawasha tochi ya kuchomelea jikoni kwako, anaweza kukuunguza wewe na yeye mwenyewe. Hapo kufunzwa na kupimwa si urembo.

10. Na si kitu kigeni. Fundi wa umeme hapa Kenya anapewa leseni na EPRA kwa ngazi, kutoka C2 hadi A1, kulingana na ukubwa wa kazi. Huko Marekani, tangu Novemba 1994, huruhusiwi kugusa mfumo wa gesi hizi bila cheti. Lakini angalia walichofanya: ni mtihani kuhusu gesi tu, hauulizi ulisomea wapi, na ukifaulu cheti hakiishi muda.

11. Msimamo wangu basi. Cheti cha kumpangia mtu mshahara na leseni ya kuzuia moto ni vitu viwili. Cha kwanza tunaweza kukipunguzia makali: apimwe kwa kazi anayoijua, hata kama hakukanyaga chuo. Tayari kuna mfumo wa kutambua ujuzi wa kazini, chini ya KNQA. Cha pili kisilegezwe, lakini kiwe kifupi, cha bei ndogo, na kipimwe kwa mikono, si insha.

12. Kwa hivyo mwanasiasa akija na "leseni kwa wote" au "futa leseni zote", muulize matatu:
– Leseni ya kazi ipi hasa, na inamkinga nani?
– Nani anapima, na mtihani uko karibu na fundi au ni safari ya Nairobi?
– Nani analipa? Mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo. Aliyejiajiri kibandani hana bosi wa kumlipia.

Akikosa jibu la hayo matatu, basi hana sera, ana wimbo tu.

Mafundi mlio humu: mlifanya gredi? Ilibadilisha chochote kwa mfuko? Niambieni hapo chini, nitasoma zote.