Vimelea Vimeondoka, Pumzi Haijarudi

Mkazi wa Hamugembe, hapa Manispaa ya Bukoba, akimaliza dozi ya kifua kikuu na makohozi yake yakawa safi, huandikwa kuwa amepona. Hata hivyo, wapo waliopona ambao mapafu yao yamebaki na makovu. Wakipanda mwinuko mdogo tu husimama kutafuta pumzi. Ili kuelewa kwa nini wagonjwa hawa wamesahaulika, yatupasa kurudi katika historia.

Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kuwa amegundua kimelea cha kifua kikuu. Tangu hapo tiba ilielekeza macho yake kwa kimelea. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Kwa ushirikiano na Karel Styblo, nchi yetu ikawa chimbuko la utaratibu wa kumsimamia mgonjwa hadi amalize dawa, ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Ni fahari yetu. Lakini mafanikio yalipimwa kwa makohozi, na pumzi haikupimwa.

Kwa Kagera pengo hilo lina uzito wa pekee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani humu mwaka 1983, na UKIMWI ulikifungulia mlango kifua kikuu. Waongeze wale ambao mapafu yao yalichakazwa na moshi wa kuni jikoni, bila hata kuugua kifua kikuu.

Mapafu yanapodhoofika, misuli ya shingo, mabega na mbavu hubebeshwa kazi isiyo yake. Huchoka, hukaza na kuuma. Ndiyo maana mama au shangazi humkanda mgonjwa mgongoni kwa mafuta, naye akapata nafuu kidogo. Wasomi wengi huidharau mikono hiyo. Wanasahau kwamba fiziotherapia ya Uingereza ilianzia kwenye kukanda: mwaka 1894 wauguzi wanne jijini London waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, na mwaka 1920 chama hicho kikapewa hati ya kifalme. Katika miaka ya 1930, Hospitali ya Brompton ilikuwa ikiwafundisha wagonjwa wa mapafu mazoezi ya kupumua. Mikono ya kule ilipata shule, mishahara na heshima. Ya kwetu ilibaki uani.

Sisemi kwamba kukanda kunaponya mapafu. Hakufuti kovu wala hakupanui njia za hewa zilizoziba, na anayeuza ahadi hiyo anamwibia mgonjwa. Ushahidi wenye nguvu uko kwenye tiba ya utengamao: kutembea kwa mpangilio, kuimarisha miguu na mikono, na kujifunza kupumua taratibu. Mikono ya mtaalamu husaidia kulegeza misuli ili mazoezi yawezekane. Ng'ambo ya ziwa letu, jijini Kampala, watafiti walijaribu tiba hiyo kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: baada ya wiki 6, washiriki walitembea umbali mrefu zaidi na maisha yao yakawa na unafuu. Vifaa havikuwa vya anasa.

Basi hoja yangu kwa watumishi wa umma ni nyepesi kutekelezwa. Mgonjwa anapomaliza dozi, apimwe umbali anaoweza kutembea kwa dakika 6. Kinachohitajika ni saa, njia tambarare na muuguzi. Anayeshindwa apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na mtaalamu huyo awafundishe pia wanaomkanda nyumbani. Wanaharakati nao waulize bajeti ya halmashauri imetenga nini kwa utengamao, Bukoba na Muleba. Tulioifundisha dunia kuhesabu vidonge hatuwezi kushindwa kuhesabu hatua za mgonjwa.