Nasaba za walowezi wa mwanzo wa Marekani

Utafiti wa nasaba za walowezi wa mwanzo ni kazi ya kumuunganisha mtu aliye hai leo, kizazi kwa kizazi, na mmoja wa watu walioingia katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika ya Kaskazini karne ya 17. Makoloni yanayotafutwa zaidi ni Virginia, ambako makazi ya Jamestown yalianzishwa mwaka 1607, na Plymouth, iliyoanzishwa na abiria wa meli ya Mayflower mwaka 1620. Kutoka leo hadi huko ni kama vizazi 10 hadi 13. Ukirudi nyuma vizazi 12, nafasi za mababu na mabibi zinafika 4,096, kwa hiyo Mmarekani ambaye ukoo wake umekaa New England, eneo la kaskazini-mashariki ilimo Plymouth, siku nyingi hana sababu ya kushangaa akiwa na mlowezi mmoja humo. Kazi iko kwenye kuthibitisha.

Plymouth ilipata bahati ya kuandikwa mapema. Gavana wake William Bradford aliacha muswada wa historia ya koloni hilo, na ndani yake akaorodhesha abiria na yaliyowapata baada ya miaka 30: nani alifariki, nani alioa, nani alijaliwa watoto wangapi. Kati ya abiria 102, karibu nusu walikufa ndani ya miezi michache ya mwanzo, na kama 50 tu ndio wanaojulikana kuwa na uzao hadi sasa. Mmoja wao ni John Howland, mtumishi aliyetupwa baharini na dhoruba njiani, akaokolewa kwa kushika kamba. Alimuoa Elizabeth Tilley, wakapata watoto 10, na Rais Franklin D. Roosevelt ni wa uzao wao. Muswada wenyewe ulitoweka wakati wa vita vya uhuru, ukaja kuonekana katika maktaba ya Askofu wa London, ukachapishwa mwaka 1856 na kurudishwa Massachusetts mwaka 1897.

Mwaka huohuo wa 1897 kilianzishwa chama cha wazawa wa Mayflower. Anayeomba kuingia hutakiwa kuonyesha hati kwa kila kiungo cha mnyororo: kuzaliwa, ndoa, kifo, na ushahidi kwamba mtoto huyu ni wa wazazi hawa. Kwa vizazi vitano vya juu kazi imekwisha kufanywa, kwa kuwa chama kimechapisha vitabu vinavyofuatilia uzao wa abiria mmoja mmoja. Kwa New England nzima kuna jumuiya ya nasaba iliyoanzishwa Boston mwaka 1845, na utafiti mkubwa ulioongozwa na Robert Charles Anderson tangu mwaka 1988 kuhusu Waingereza wapatao 20,000 waliohamia huko kati ya 1620 na 1640.

Ndiyo maana, kinyume na wanavyodhani wanaoanza, karne ya 17 si sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni kati ya mwaka 1780 na 1850. Hapo wazawa wa walowezi walihama Massachusetts, ambako karani wa mji aliandika vizazi na vifo, wakaenda New York, Ohio na magharibi zaidi, ambako mara nyingi hapakuwa na aliyeandika. Sensa ya taifa ilianza mwaka 1790, lakini hadi 1840 ilitaja jina la mkuu wa kaya peke yake. Mkewe na watoto walikuwa tarakimu tu. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa jina. Mtafiti aliyekwama hapo hugeukia wosia, mafaili ya mirathi, hati za mashamba na mawe ya makaburi. Wosia una thamani ya pekee kwa upande wa wanawake, ambao jina la ukoo wao hupotea siku ya ndoa: baba anayemwachia binti yake ng'ombe humtaja kwa jina la mumewe.

Kusoma hati hizo nako kuna mitego. Hadi mwaka 1752 Waingereza walianza mwaka mpya tarehe 25 Machi, hivyo mtoto wa Februari 1623 kwa hesabu yao ni wa 1624 kwa hesabu yetu. Wanaume wawili wenye jina moja katika mji mmoja waliitwa mkubwa na mdogo hata kama hawakuwa na udugu wowote, na wengi wamemgeuza mdogo kuwa mwana wa mkubwa. Kuna pia uongo wa makusudi. Gustave Anjou, aliyefariki mwaka 1942, aliwauzia matajiri wa New York nasaba za kughushi, akichanganya hati za kweli na wosia ambao haukuwahi kuwepo. Kazi zake bado zinanakiliwa katika shajara za ukoo za watu wasiojua zilikotoka.

Nasaba hizi hazikuwa za kujifurahisha tu. Familia mashuhuri za Virginia hujivunia kutoka kwa Thomas Rolfe, mtoto pekee wa Pocahontas, mwanamke wa Wahindi Wekundu. Jimbo hilo lilipopitisha sheria kali ya rangi mwaka 1924, mtu mwenye tone la damu ya Kiafrika hakuhesabiwa mweupe, lakini aliye na sehemu isiyozidi moja ya 16 ya damu ya Wahindi Wekundu, bila damu nyingine isiyo ya wazungu, alihesabiwa. Kifungu hicho kiliwekwa kwa ajili ya wazawa wa Pocahontas, na ni vigumu kukisoma bila kuona nani alikuwa mezani kilipoandikwa.

Waafrika nao ni wakazi wa mwanzo wa makoloni hayo, ingawa hawakwenda kwa hiari. Mwaka 1619, mwaka mmoja kabla ya Mayflower, watu ishirini na kitu waliotekwa Angola walishushwa Point Comfort, Virginia. Hesabu ya wakazi ya mwaka 1625 inamtaja mmoja, Angela, katika kaya ya William Pierce. Wengi waliomfuata hawakutajwa. Sensa za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, na kwa familia nyingi za Wamarekani weusi jina la kwanza kwenye sensa linaonekana mwaka 1870. Kutoka hapo mtafiti hulazimika kufuata karatasi za ukoo wa mmiliki, kwa sababu watu waliorodheshwa katika mirathi yake pamoja na mifugo.

Vipimo vya DNA husaidia kwa kiasi. Urithi wa kawaida hupungua nusu kila kizazi, na babu wa kizazi cha 12 huenda hakumwachia mzawa wake chochote kinachoweza kupimwa. Kromosomu Y ndiyo hupita kutoka baba kwa mwana karibu bila kubadilika. Ilitumika katika kisa cha Barack Obama, ambaye wengi wangetarajia nasaba yake ya Kiafrika iishie Siaya, kwa baba yake Mluo. Mwaka 2012 watafiti wa kampuni ya nasaba ya Ancestry walieleza kwamba mama yake, mzungu wa Kansas, yaelekea anatoka kwa John Punch, mtumishi Mwafrika wa Virginia. Punch alitoroka mwaka 1640 pamoja na watumishi wawili wazungu. Walipokamatwa, wenzake waliongezewa miaka ya utumishi, yeye akahukumiwa kutumika maisha yake yote. Wanaume wa ukoo wa Bunch, ambao mama wa Obama ametoka kwao, walipopimwa walikutwa na kromosomu Y yenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Watafiti hao walisema "yaelekea" kwa sababu nyaraka nyingi za Virginia zimeangamia, na hakuna iliyobaki inayosema kwamba John Bunch wa kwanza alikuwa mwana wa John Punch.