SOMO LA REDIO: BWANA MO IBRAHIM NA SIMU YA MKONONI

Fungueni madaftari yenu. Leo twasoma habari za simu ya mkononi, na za mtu mmoja aliyesaidia kuieneza.

Zamani mkulima wa viazi wa Uyole hakuijua bei ya Dar es Salaam mpaka dereva wa lori aje kumwambia. Simu za waya zilikuwa mjini, katika ofisi na nyumba chache. Kupitisha nguzo na waya katika milima yetu ni gharama kubwa. Simu ya mkononi haihitaji waya mpaka nyumbani. Mnara mmoja kilimani huhudumia vijiji vingi.

Bwana Mohamed Ibrahim, aitwaye Mo, alizaliwa Sudan mwaka 1946. Alisomea uhandisi wa umeme Misri, kisha akafanya kazi katika shirika la simu la Uingereza. Makampuni makubwa yaliogopa kuweka fedha Afrika kwa sababu ya umaskini na hongo. Yeye hakuogopa. Mwaka 1998 alianzisha kampuni ya Celtel. Ili kuzuia hongo aliweka sharti: malipo yanayozidi dola 30,000 lazima yapitishwe na bodi.

Je, ndiye aliyeleta simu hizi Tanzania? Hapana. Mobitel ilianza mwaka 1994, na Vodacom mwaka 2000. Celtel ilikuja mwaka 2001, Serikali ilipouza asilimia 35 ya hisa za TTCL kwa kampuni yake pamoja na Detecon ya Ujerumani. Bei ya hisa hizo ilileta ubishi mrefu. Mwaka 2016, zilipokuwa mikononi mwa Airtel, Serikali ilizirudisha.

Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa kampuni ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Baadaye iliitwa Zain, na tangu mwaka 2010 Airtel. Bwana Mo alianzisha taasisi ya kuhimiza utawala bora. Hutoa tuzo kwa marais walioongoza vizuri na kuondoka madarakani kwa amani. Miaka mingine hakupatikana wa kupewa.

Basi, tumeachiwa urithi gani? Mkulima sasa huuliza bei kabla ya kuvuna. Lakini mnunuzi naye ana simu, na barabara ikiwa matope viazi vitaoza hata bei ikiwa nzuri. Tena fedha hutumwa kwa simu. Asiyejua kusoma humpa mwenzake simu amsomee ujumbe, na pengine humtajia namba yake ya siri. Akifanya hivyo, fedha zake zimo hatarini. Mnara wamejenga wengine. Kusoma ni kazi yetu wenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini simu za waya hazikufika vijijini?
2. Je, ni haki kuuza hisa za shirika la umma? Toeni sababu.
3. Kwa nini namba ya siri haitajwi?