Skeli ya modeli za ndege

Skeli ya modeli ya ndege ni uwiano kati ya vipimo vya modeli na vipimo vya ndege halisi. Skeli ya 1:72 ina maana kwamba sentimita 1 ya modeli huwakilisha sentimita 72 za ndege yenyewe, kama ilivyo katika ramani. Kadiri namba ya pili inavyokuwa kubwa, ndivyo modeli inavyokuwa ndogo.

Ndege za waya na maboksi wanazounda watoto wa Temeke na Kinondoni kwa kawaida hazina skeli: magurudumu hulingana na vizibo vilivyopatikana, wala hilo haliziondolei uzuri. Skeli huhitajika pale ndege mbili zinapotakiwa kulinganishwa, au sehemu za michoro tofauti zinapounganishwa.

Asili ya namba

Aliyezoea mita hushangaa kwa nini ni 72 na si 70 au 100. Skeli hizi zilitokana na futi na inchi. Futi 6 ni inchi 72, hivyo katika 1:72 inchi 1 husimama badala ya futi 6. Katika 1:48 ni robo inchi kwa kila futi, na katika 1:144 inchi 1 kwa futi 12. Kampuni ya Frog ya Uingereza ilianza kuuza modeli za 1:72 mwaka 1936. Mwaka 1942 wanafunzi wa sekondari nchini Marekani walichonga modeli za skeli hiyo ili askari wajifunze kutambua ndege: modeli iliyo umbali wa mita 10 huonekana kama ndege iliyo mita 720.

Kuchagua skeli

Chukua ndege tatu zinazoonekana katika anga la Dar es Salaam. Cessna Caravan, inayobeba abiria kwenda Zanzibar, ina mabawa ya mita 15.9 kutoka ncha hadi ncha. Dash 8 Q400, ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea mwaka 2016, mita 28.4, na Boeing 787-8, iliyofika mwaka 2018, mita 60.1. Kwa 1:72 mabawa hayo ni sentimita 22, 39 na 83. Hiyo ya mwisho haienei kwenye rafu nyingi za nyumbani. Kwa 1:144 ni sentimita 11, 20 na 42, na zote tatu hukaa pamoja. Anayetaka Caravan peke yake, yenye milango na viti, afadhali achague 1:48.

Kubadilisha skeli

Namba ya skeli ya zamani hugawanywa kwa namba ya skeli mpya. Mchoro wa 1:72 ukitakiwa uwe 1:48, 72 ÷ 48 = 1.5, hivyo mashine ya fotokopi huwekwa asilimia 150. Kutoka 1:100 kwenda 1:144 ni asilimia 69.4.

Asilimia hiyo ni ya urefu, si ya eneo, na hapa ndipo manila nyingi huharibika. Mchoro uliokuzwa kwa asilimia 200 hujaza karatasi nne za A4, si mbili. Kompyuta nayo huweza kuupunguza mchoro kimyakimya ili uenee kwenye karatasi. Dawa ni kuchora pembeni mstari wa sentimita 10 kabla ya kutoa kopi, kisha kuupima kwa rula: kwa asilimia 150 lazima uwe sentimita 15. Usipotimia, mkasi usubiri.

Unene wa karatasi haukuzwi na mashine. Mipasuo ya kuchomekea mabawa hupanuka pamoja na mchoro, lakini manila hubaki ileile, kwa hiyo mipasuo huchorwa upya au karatasi huongezwa tabaka.