Hitilafu ya plagi katika injini ndogo za turbo

Hitilafu ya plagi ni hali ambayo plagi, yaani kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda, hushindwa kufanya kazi hiyo kwa wakati wake, na injini ikapata kile ambacho mafundi hukiita misi. Katika injini ndogo zenye turbo, ambayo huzungushwa na moshi wa ekzosi ili kushindilia hewa zaidi kwenye silinda, hitilafu hii hujitokeza mapema, kwa kuwa kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo cheche inavyohitaji volti kubwa zaidi kuruka pengo la elektrodi. Pengo hilo, ambalo mara nyingi huwa karibu milimita 0.7, hupanuka elektrodi zinapolika. Hivyo gari linalonguruma vizuri likiwa limesimama hutikisika na kukosa nguvu linapopanda mlima, taa ya injini ikimwekamweka na kompyuta ikihifadhi msimbo P0300, au P0301 ikiwa ni silinda ya kwanza. Koili dhaifu, yaani kifaa kinachoipa plagi volti hiyo, huleta dalili zilezile, kwa hiyo inafaa kuihamishia silinda nyingine kabla ya kuilaumu plagi. Petroli isiyoungua huungulia ndani ya katalisti, kisafishi cha moshi, na huweza kuiyeyusha.